Mia na Moja, Mia na Mbili

Nyumba ni ya mbao, mjini Viljandi, Estonia,
ghorofa mbili, ngazi ya vidato kumi na saba,
na tangu bibi avunjike nyonga
vidato kumi na saba ni nchi ya kigeni.
Yeye juu, kitandani, ubavuni mwa jiko la matofali.
Babu Endel chini, na cherehani mbovu za watu,
masikio yake yakishindana na nyundo.
Bibi hugonga sakafu kwa fimbo:
mara moja, chai;
mara mbili, dawa;
mara tatu, tumegombana lakini njoo.

Nikaja Jumamosi na mkoba wa kebo.
Kompyuta kuukuu ya kaka yangu Tarmo, iliyosahaulika stoo,
nikaifuta vumbi, nikaiajiri ukarani:
ipokee, iulize, iunganishe.
Ruta nikaificha nyuma ya kabati la vyombo,
kebo nikaipitisha kando ya bomba la maji,
mashine mbili nikazipa anwani zisizohamahama.

"Na namba?" akauliza bibi.
Yoyote, nikamjibu.
"Namba haiwi yoyote."
Akavaa miwani.
Miaka ishirini na tisa alikaa mbele ya ubao wa simu wa posta,
mkono wa kulia plagi, wa kushoto swichi,
akiunganisha mkunga na mume anayetetemeka,
kiwanda cha viberiti na wakubwa wa Tallinn,
mwana na mama wasio na la kuambiana
ila kupumua, kwa kulipia dakika.
Akaandika kwa penseli: karakana, mia na moja.
Kitanda, mia na mbili.
Jikoni, kusiko na kompyuta, mia na tatu.
"Ikae wazi. Hujui nani atakuja."

Kisha: "Anayeunganisha ni nani?"
Hakuna, bibi. Mashine yenyewe.
"Na anayesikiliza?"
Hakuna pia.
"Loo," akasema. "Basi wanakosa mengi."

Jaribio la kwanza, kimya: maikrofoni ilikuwa imezimwa.
La pili, babu anasikika, hasikii,
anaita "Halo! Halo!" kama aliyeachwa ng'ambo ya ziwa.
La tatu, mwangwi: kila neno la bibi linarudi
na kukanyaga visigino vya neno linalofuata.
Nikamvisha bibi vipokea sauti,
nikapunguza hiki, nikaongeza kile,
nikatukana chinichini
na karakana nzima ikanisikia.

Halafu ikashika.
"Endel."
"Nipo."
Hapo ndipo likatokea lisiloandikwa katika maelekezo:
sauti ya babu ilipanda kwanza kupitia mbao za sakafu,
nzito, ina vumbi la chuma,
kisha, kitambo cha kupepesa jicho, ikafika sikioni
safi, kama imetoka kunyolewa.
Nipo, ilisema sakafu.
Nipo, ikasema kompyuta.

Nikaanza kuomba radhi. Sauti inachelewa, nikasema,
nipe nusu saa nitairekebisha.
"Usiguse."
(Jina lake ni Hilja; kwa lugha yetu, kuchelewa.)
"Miaka hamsini na mbili namwita mara mbili, anaitika mara moja.
Leo nimeita mara moja.
Umesikia mwenyewe."

Februari theluji ikaangusha waya kule barabara kuu,
mtandao ukakatika mji mzima, siku mbili.
Nikawapigia kwa simu ya mkononi, roho juu.
"Dunia imekatika," bibi akasema. "Humu ndani tuko hewani."
Kebo yangu, ruta yangu, karani wangu wa stoo:
hawakuhitaji ruhusa ya mtu nje ya ukuta.
"Subiri kwenye laini," akaniamuru, kwa sauti ya posta,
na nikasikia vidole vyake: moja, sifuri, moja.
"Endel, supu."
Kimya.
"Endel, supu inapoa, na la jana nimeshalisamehe."
"Unasemaje? Kuna mkwaruzo."
Hakukuwa na mkwaruzo. Ninaujua mtambo wangu.
Bibi akashusha pumzi,
akaweka simu kando bila kuikata,
na nikaisikia fimbo, sakafuni,
mara tatu.